Kisa cha blanketi: ugomvi wa bwenini na msikilizaji aliyekataa kuahidi siri

Kisa hiki kilitokea katika sekondari moja ya kata yenye hosteli, wilayani Mufindi, mkoani Iringa. Mimi ni mwalimu wa Baiolojia shuleni hapo, na ndiye niliyekabidhiwa kazi ya ushauri na unasihi. Shule siitaji. Mambo madogo ambayo yangeweza kumtambulisha mtoto nimeyabadilisha, na vijana wenyewe pamoja na walezi wao wameridhia kiandikwe. Nitawaita kwa wanakotoka, kama wanavyoitana bwenini: wa Kilolo na wa Tukuyu, wote kidato cha tatu. Wa tatu, wa kidato cha nne, nitamwita msikilizaji, kwa sababu ndiyo kazi aliyochaguliwa na wenzake.

Shule nyingi sasa zinaanzisha vikundi vya waelimishaji rika, yaani wanafunzi wanaosikiliza na kusaidia wenzao, na mara nyingi kikundi kinawekwa chini ya ofisi ya nidhamu kana kwamba ni tawi la viranja. Napinga mpangilio huo kwa nguvu zangu zote, na kisa hiki ndicho ushahidi nilionao. Kijana alizungumza kwa sababu aliamini maneno yake hayatafika ofisi ya nidhamu. Akabaki hai kwa sababu aliyemsikiliza alijua ni siri ipi haiwekwi. Mambo hayo mawili yanaonekana kugongana, na ndiyo maana nitayaeleza kwa urefu.

Blanketi lenyewe

Julai ya Mufindi wanaoijua ni waliolala bwenini. Ukungu unashuka jioni na kukaa hadi saa nne asubuhi, maji ya karo la kufulia yanauma vidole, na watoto wa kidato cha kwanza wanalala na soksi, sweta na kaptula ya michezo juu ya suruali. Ada imefutwa tangu 2016, lakini chakula cha hosteli wazazi wanachangia, na godoro na blanketi mtoto anakuja navyo. Kwa hiyo blanketi la mtu ni mali kubwa. Anayeibiwa blanketi Julai anaumwa kweli.

Wa Tukuyu alirudi likizo ya Juni na blanketi jipya, zito. Baba yake ni mfanyabiashara wa mbao aliyehamia Mafinga. Jumapili moja, baada ya usafi wa bweni, blanketi halikuonekana. Wakapekua matranka, wakainua magodoro. Likakutwa chini ya godoro la wa Kilolo, limekunjwa vibaya, kona moja ikiwa na unyevu.

Wa Kilolo alisema hajui limefikaje. Hakuna aliyemsikia, kwa sababu tayari mtu alikuwa amepiga kelele "mwizi!" Wa Tukuyu akaongeza neno ambalo baadaye alilijutia sana: "Yatima hana adabu." Wakapigana kati ya vitanda. Mmoja akapasuka mdomo, mwingine akagonga bega kwenye chuma cha dabo deka.

Mwalimu wa zamu aliwafikisha kwa mwalimu wa nidhamu, na utaratibu ukafuatwa kama ulivyo. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinaruhusu visivyozidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na viandikwe kwenye daftari. Kila mmoja alipata vinne, vikaandikwa. Jumatatu asubuhi wakaitwa mbele ya paredi, wakaambiwa wapeane mikono, wakapeana. Shule ikapiga makofi, tukaingia darasani.

Hakuna kanuni iliyovunjwa hapo, na hilo ndilo linalonisumbua. Kila karatasi iko sawa, lakini hakuna mtu mzima aliyeuliza blanketi lilifikaje pale. Hakuna aliyeuliza neno "yatima" limemfanya nini aliyeambiwa. Kupeana mikono kwenye paredi kulikuwa kwa ajili yetu walimu na kwa ajili ya waliokuwa wanatazama. Wale wawili walirudi bwenini na kesi yao nzima, sasa ikiwa na maumivu ya viboko juu yake.

Jina, na utani

Kuanzia wiki hiyo wa Kilolo akaitwa Blanketi. Bwaloni, uwanjani, hata kwenye foleni ya kuoga. Watoto hawakulichukulia kama ukatili, na baadhi yao walikuwa rafiki zake.

Alianza kuchelewa bwaloni, kisha akaacha kwenda jioni. Alikuwa winga mzuri wa timu ya bweni, akasema goti linamuuma. Mwalimu wa Hisabati aliniambia daftari lake limeandikwa tarehe tu, ukurasa baada ya ukurasa. Aliyelala kitanda cha chini yake alimsikia akigeuka usiku kucha. Kisha ikaja ile ishara ambayo nawaomba walimu wenzangu wasiipite: akaanza kugawa vitu. Mkebe wake wa hesabu, ambao mtoto wa kidato cha tatu hawezi kuutoa hivi hivi, alimpa kijana wa kidato cha kwanza. Sweta la ziada akampa mwingine. Alipoulizwa atatumia nini, akasema, "Mimi sihitaji tena."

Jioni moja, taa zikikaribia kuzimwa, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba wenzake watakuja kumkumbuka akishaondoka. Mtu akajibu kutoka kitanda cha mbali: "Mhehe huyo, msimkasirishe!" Bweni zima likacheka.

Hapa lazima nisimame. Utani wa kwamba Wahehe wakikasirika hujiua unasikika Tanzania nzima. Utauona kwenye vikundi vya WhatsApp, utausikia kwenye daladala na hata kwenye hotuba za harusini. Utani wa makabila ni mali yetu na umetusaidia kuishi pamoja bila chuki, siupingi. Lakini sehemu hii moja ya utani inafanya kazi mbaya, kwa sababu inageuza ombi la msaada kuwa kichekesho kabla halijasikiwa. Mtoto wa Kihehe anaposema amechoka kuishi, wenzake wana jibu tayari mdomoni. Na mtoto mwenyewe amekua akisikia kwamba ndivyo kabila lake lilivyo, kana kwamba imeandikwa.

Wengine huuegemeza utani huo kwa Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ambaye alijiua tarehe 19 Julai 1898 pale Mlambalasi kuliko kukamatwa na Wajerumani baada ya miaka ya vita. Fuvu lake lilirudishwa mwaka 1954 na liko Kalenga, na wanafunzi wetu hupelekwa kuliona. Lakini kiongozi wa vita aliyezingirwa na jeshi la kigeni hawezi kuwa kipimo cha kijana wa kidato cha tatu aliyeitwa mwizi. Mwalimu wa Historia wa shule yetu sasa analisema hilo waziwazi darasani anapofundisha habari za Mkwawa, na ninamshukuru.

Kwenye karo

Msikilizaji alikuwa mmoja wa waliokuwemo bwenini usiku ule. Hakucheka, wala hakusema kitu mbele ya watu. Kesho yake, Jumamosi ya kufua, alichukua ndoo yake akaenda kwenye karo ambako wa Kilolo alikuwa anafua peke yake, akaanza kufua pembeni yake. Aliniambia baadaye kwamba walifua muda mrefu bila kuongea lolote la maana. Mpira, maji baridi, sabuni inavyoisha haraka.

Kisha akamwambia alichokiona: "Umempa dogo mkebe wako. Huli jioni. Na jana ulisema utaondoka. Unaenda wapi?"

Wa Kilolo akasema kwanza aahidi hatamwambia mtu.

Hapa ndipo vikundi vingi vya rika vinapokwama. Mtoto aliyefundishwa kwamba kazi yake ni kutunza siri atasema "naahidi", kisha atabaki na kifo cha mwenzake mikononi. Na aliyefundishwa kwamba kazi yake ni kuripoti atakimbia ofisini, na siku nyingine hakuna atakayemwambia chochote. Msikilizaji alijibu kama tulivyojifunza, kwa maneno yake mwenyewe: "Mambo yako mengine yote yatabaki hapa hapa kwenye karo. Ila kama kuna hatari ya wewe kufa, hilo sitalibeba peke yangu. Nakwambia sasa hivi, kabla hujaniambia, ili usije kusema nilikudanganya."

Wa Kilolo alinyamaza. Msikilizaji hakuongeza neno, akaendelea kusuuza. Kisha akauliza swali ambalo watu wazima wengi tunaliogopa: "Unafikiria kujiua?"

Akajibu ndiyo.

Wapo wanaoamini kwamba kumuuliza mtu hivyo ni kumpandikizia wazo. Shirika la Afya Duniani limekuwa likieleza kinyume chake: kuuliza waziwazi hakumsukumi mtu kwenye kujiua, na mara nyingi humpunguzia mzigo, kwani ndiyo mara ya kwanza anaruhusiwa kulitamka. Wa Kilolo mwenyewe alinisimulia kwamba baada ya kusema ile ndiyo alisikia mikono inamtetemeka, halafu akasikia njaa.

Msikilizaji hakumpa mawaidha. Hakumwambia wapo wenye shida kuliko yeye, wala kwamba kujiua ni dhambi. Alimwambia, "Twende wote kwa Madam. Hautakwenda peke yako na mimi sitakwenda peke yangu." Alimwomba msikilizaji mwenzake awaanikie nguo. Wakaja nyumbani kwangu wawili, viatu vimelowa povu.

Tuliyofanya sisi wakubwa

Nitapita haraka hapa kwa sababu hatua zenyewe zinajulikana, shida ni kuzifanya. Nilimsikiliza bila kuandika. Nilimuuliza kama ameshapanga namna na wakati, ili nijue hatari iko karibu kiasi gani. Usiku ule na uliofuata alilala kwa patroni, yaani mlezi wa bweni, si kwa adhabu, na hakuachwa peke yake. Nilimjulisha mkuu wa shule, na tukampigia mjomba wake ambaye ndiye anayemlipia hosteli. Sikutangaza kwa walimu wenzangu. Waliojua walikuwa wale tu waliotakiwa kufanya kitu.

Mkuu aliuliza kwa hofu ya kweli kama tunapaswa kwenda polisi. Swali lake lina msingi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Lakini kijana huyu hakujaribu chochote. Alikuwa na mawazo, akayasema, na kuyasema si kosa la mtu yeyote. Naamini kifungu hicho kinafanya madhara hata mahali ambapo hakitumiki, kwa sababu familia zinaficha na shule zinaficha, na mtoto anajifunza kwamba maumivu yake ni jinai.

Jumatatu tulimpeleka hospitali Mafinga. Aliyemwona alizungumza naye kwa muda mrefu, sisi tukiwa nje, akatuambia kijana ana sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, akampangia siku za kurudi kwa mazungumzo. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri akaingizwa. Kijana alipewa pia namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo haina malipo, na tukakubaliana anaweza kuomba simu ya patroni wakati wowote bila kueleza sababu.

Bibi yake alikuja katikati ya wiki. Alitoka kijijini Kilolo alfajiri, akapanda gari hadi Iringa mjini, kisha basi la Mafinga, amejifunga kitenge juu ya koti la kiume. Alimsalimia mjukuu wake "kamwene" na akamshika mkono asiuachie. Nilimweleza kwa utaratibu, nikamwambia pia habari ya blanketi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kuiba hakufundishwa kwangu. Lakini kulia pia sikumfundisha, mwalimu. Mama yake alipozikwa nilimwambia mwanamume halii, akanyamaza, na mimi nikafurahi kwamba ananisikia."

Yakatoka mengine. Likizo ya Juni bibi aliumwa sana, na kijana ndiye aliyemuuguza. Mjomba, akiwa amebanwa na madeni, alisema mbele yake kwamba mwakani huenda asiweze kuchangia hosteli. Kijana akaondoka nyumbani akiwa amejihesabu kuwa mzigo kwa watu wawili anaowapenda. Huo ndio moyo aliokuwa nao siku alipoitwa mwizi na yatima mbele ya bweni zima. Blanketi halikuleta sonona. Lilimkuta ameshaanza kuumwa, likampa ushahidi kwamba anachojiambia usiku ni kweli.

Kikao

Wengi walitaka tuwapatanishe upesi. Nilikataa hadi mhusika mwenyewe aseme yuko tayari, na hospitali iseme hakuna ubaya. Ilichukua wiki kadhaa. Mtu ambaye hana nguvu za kula hana nguvu za kumsamehe mwenzake, na ukimlazimisha atasamehe kwa mdomo ili umwachie aende kulala.

Tulikaa kwenye maktaba, mlango umefungwa: wao wawili, kila mmoja na mwenzake wa kumsindikiza aliyemchagua, patroni, na mimi. Wa Kilolo alimchagua msikilizaji. Sheria zilikuwa chache. Kila mtu anamaliza kusema bila kukatizwa. Anaeleza kilichotokea, kilimfanya nini, na anataka nini sasa. Hakuna adhabu itakayotoka kwenye chumba hicho. Wazee wetu walikaa barazani hivyo hivyo. Mgogoro hauamuliwi kabla pande zote hazijamaliza maneno.

Kilichotufungua macho kilitoka kwa mtu wa saba, ambaye hakuwa amealikwa. Kijana mdogo wa kidato cha kwanza, yule aliyepewa mkebe, alikuwa amemfuata mmoja wa wasikilizaji siku mbili kabla na kumwambia. Usiku wa kuamkia Jumapili ile alishikwa na homa, akatetemeka hadi meno yakagongana. Aliona blanketi zito kwenye kitanda ambacho mwenyewe alikuwa ameamka kwenda msalani, akalichukua, akajifunika hadi jasho likamtoka. Asubuhi akaogopa. Kengele ya usafi ilipolia akalisukuma chini ya godoro lililokuwa karibu. Unyevu wa kona ulikuwa jasho lake. Alipoona watu wanapigana, akazidi kuogopa. Na yule aliyeitwa mwizi kwa ajili yake alipompa mkebe, alilia siku nzima.

Alisimulia haya amesimama, mikono nyuma, kama yuko mbele ya mwalimu wa nidhamu. Wa Kilolo ndiye aliyemwambia, "Kaa, dogo."

Wa Tukuyu naye alikuwa na lake. Baba yake alipompa lile blanketi alimwambia akilipoteza asirudi nyumbani. Yawezekana ulikuwa usemi tu wa baba aliyetoa hela nyingi, lakini kijana aliubeba jinsi ulivyo. Alipoona kitanda kitupu alisikia mlango wa nyumbani unafungwa. Alisema, "Sikuwa na hasira naye. Nilikuwa namwogopa mzee." Kisha akamgeukia wa Kilolo. "Lile neno nililokuita, mimi nina wazazi wote wawili. Sikulijua uzito wake. Nisamehe, kaka."

Hawakupeana mikono palepale, na sikuwaambia wapeane. Wa Kilolo alisema amesikia, na kwamba anataka jina lile liishe. Wa Tukuyu akasema atalimaliza yeye, kwa kuwa ndiye aliyelianzisha. Usiku ule, kabla ya taa kuzimwa, alisimama bwenini akasema blanketi halikuibwa, mwenzake alisingiziwa, na atakayemwita jina lile atakuwa na kesi na yeye kwanza. Hakumtaja mtoto wa homa. Aliongeza, bila kuambiwa na yeyote, kwamba ule utani wa Wahehe na kufa usisemwe tena humo ndani. Msikilizaji anasema lilisemwa kwa ukali zaidi ya ninavyoandika hapa.

Ninachotaka kieleweke ni kwamba usingizi wa wa Kilolo haukurudi siku ile. Walimu wenzangu walipoona wawili hao wanacheza mpira pamoja walisema mambo yameisha. Ugomvi ulikuwa umeisha kweli. Ugonjwa ulihitaji muda wake, na kijana aliendelea kwenda Mafinga kwa mazungumzo hadi muhula ukafungwa. Kuna wiki alirudi nyuma kabisa, na tukarudia kulala kwa patroni. Mjomba aliongea naye ana kwa ana, akamwambia hesabu za hosteli ni kazi ya wakubwa. Maneno hayo, kwa maelezo ya kijana, yalimsaidia kuliko yangu yote.

Msikilizaji anasikilizwa na nani?

Baada ya kisa kutulia, msikilizaji alianza kuitwa shushushu. Siyo na wote, lakini wachache wanatosha. Yeye mwenyewe alikuwa halali vizuri. Alijiuliza ingekuwaje kama Jumamosi ile asingefua. Alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa taifa wa Novemba, na alikuwa ameshika jambo ambalo wakubwa wengi lingewalemea.

Mafunzo tuliyowapa ni mafupi na yanafuata huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ile ambayo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2011: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama nani amebadilika. Sikiliza bila kuhukumu. Unganisha na mtu mzima anayeweza zaidi yako. Hatuwafundishi kutibu. Mifano inayosifiwa karibu nasi, kama mabenchi ya urafiki, ambapo mwenye shida huketi akasikilizwa, aliyoyaanzisha Dkt. Dixon Chibanda jijini Harare mwaka 2006, au kazi ya shirika la Shamiri katika shule za Kenya, inatumia watu wasio wataalamu na inafanya vizuri. Lakini wale ni akina bibi wazima katika Harare, na Kenya ni vijana waliokwisha kumaliza sekondari, na wote wana msimamizi wa kuwasikiliza wao. Sisi tunatumia watoto walio bwenini pamoja na wanaowasikiliza. Hivyo mzigo wao lazima uwe mdogo zaidi, na wa kuwapokea lazima awe karibu zaidi. Nakaa nao kila Alhamisi baada ya vipindi. Msikilizaji huyu nilikaa naye peke yake pia, na kwa muda tulimpumzisha kabisa. Alikataa mwanzoni, halafu akakubali alipoambiwa kwamba kupumzika ni sehemu ya kazi.

Namna walivyochaguliwa nayo ni ya kueleza. Kila mwanafunzi aliandika kwa siri jina la mwenzake ambaye angemwendea akiwa na shida. Majina yaliyorudi mara nyingi yalitushangaza. Viranja walikuwa wachache sana. Walikuwepo watoto wa kimya, mmoja aliyewahi kurudia darasa, na huyu msikilizaji, ambaye ripoti yake ya nidhamu haikuwa safi. Kama walimu tungechagua sisi, jina lake lisingekuwemo, na siku ile ya kufua, karo lingekuwa na mtu mmoja.

Makamu mkuu wa shule, ambaye namheshimu na ambaye mabweni yanamlemea, aliona wasikilizaji wanavyoaminiwa akapendekeza wasaidie pia kutaja wenye simu na wavutao sigara. Nilimwambia siku watakapotaja simu ya kwanza hatutasikia tena habari ya mtu anayetaka kufa. Mtoto haamini nusu ya mtu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba, wenye umri wa miaka 10 hadi 19, anaishi na tatizo la afya ya akili, na linataja kujiua kuwa miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya vijana duniani. Mkondo wangu wa kidato cha tatu una watoto zaidi ya hamsini. Kama hali yetu ni hiyo hiyo, ni saba walioketi mbele yangu, na simu zilizofichwa kwenye matranka hazina uzito wa kuwafunga hao midomo.

Tulibishana sana, mkuu akasikiliza, mwishowe tukaandika ukurasa mmoja uliobandikwa bwenini na ofisini. Msikilizaji analeta kwa mtu mzima mambo matatu tu: hatari ya mtu kufa, mtu kuumizwa au kudhalilishwa kingono, na mtu kupanga kumdhuru mwingine. Anayaleta kwangu au kwa patroni, baada ya kumwambia mwenzake kwamba anayaleta. Mengine yote hayaulizwi na mwalimu yeyote, na msikilizaji akiulizwa ana ruhusa ya kutojibu. Makamu ametia saini. Nidhamu ya simu inaendelea kufanywa na viranja na walimu wa zamu, kama zamani.

Lililobaki ni muda. Nafundisha Baiolojia mikondo yote ya kidato cha tatu na cha nne, na ushauri hauna kipindi kwenye ratiba. Unafanyika jioni, Jumamosi, na wakati wa chai. Wasikilizaji wa kidato cha nne wanaondoka Novemba, na uchaguzi wa wapya unatakiwa ufanyike kabla, ili wakae na wanaoondoka wiki chache. Kwenye kikao kijacho cha bodi ya shule nitaomba vipindi viwili kwa wiki na chumba kisichopakana na ofisi ya nidhamu. Makamu ameniambia chumba ataniunga mkono, vipindi atanipinga, kwa kuwa vitatoka kwenye Hisabati. Mjomba wa wa Kilolo, ambaye mwaka huu ameingia kwenye kamati ya wazazi, amesema naye atakuwepo.